Kidonge Hakijulikani kwa Rangi

Katika nyumba zetu dawa huitwa kwa rangi yake. "Niletee vile vyekundu," asema mzee, na mjukuu hukimbia kuvileta. Kwa dawa nyingi mazoea haya hayana madhara makubwa, lakini kwa warfarini ni hatari. Hii ndiyo dawa wapewayo waliowekewa vali ya bandia moyoni, au waliogandwa na damu miguuni. Ikipungua, damu huganda na mtu aweza kupooza. Ikizidi, damu humtoka puani, mkojoni, hata ndani ya ubongo.

Asili yake yenyewe yatosha kumfanya mtu awe mwangalifu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa kwa kula majani yaliyooza. Wataalamu wa Wisconsin wakaitafuta sumu ile, na warfarini iliyotokana na kazi hiyo ikauzwa tangu 1948 kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni kipimo tu.

Mimi naishi hapa Ifakara, na shangazi yangu ana vali ya bandia, kwa kuwa homa ya baridi yabisi ya utotoni ilimharibu moyo. Mwanawe aliyeko Uingereza alikuwa akimletea vidonge vya waridi, naye humeza kimoja kila usiku. Safari moja akaletewa kopo na binti yake wa Marekani. Navyo vilikuwa vya waridi. Akaendelea na kimoja kila usiku, hakukosa hata siku moja. Alipopimwa damu, kile kipimo kiitwacho INR, ambacho kwake hutakiwa kiwe baina ya 2.5 na 3.5, kilionyesha 1.4. Akaulizwa kama alisahau dawa, akaapa hakusahau. Kopo likasomwa: miligramu 1. Uingereza waridi ni miligramu 5, kahawia ni 1, buluu ni 3. Marekani waridi ni miligramu 1, na ya 5 ina rangi ya chungwa iliyopauka. Bibi wa watu alikuwa akimeza moja ya tano ya dawa yake, wala mwilini hakuhisi kitu. Hapo ndipo penye hofu, maana damu inayotaka kuganda haipigi hodi.

Bonde hili la Kilombero lina mitihani yake. Msimu wa mpunga watu huhamia mashambani miezi kadhaa. Daraja tunalo tangu 2018, lakini ng'ambo kule njia za tope ni zile zile, na kipimo cha damu huahirishwa. Shambani mboga ni matembele na kisamvu kila siku, na majani haya yana vitamini K inayopingana na dawa. Si kwamba aache mboga. Ale kwa kiasi kile kile, mjini na shambani. Akiumwa tumbo atapewa metronidazoli, akiumwa magoti diklofenaki, na zote mbili humzidishia hatari ya kuvuja damu. Kuumikwa chuku nako, pamoja na heshima yake kwetu, asikuguse kabla ya kumwuliza daktari. Ramadhani haina taabu kwa dozi yenyewe, kwani humezwa baada ya futari. Ila chakula hubadilika, basi kipimo kiwe karibu.

Wako watakaomwambia ahamie dawa mpya zisizohitaji INR, kama rivaroksabani. Zinawafaa wengi, lakini si wenye vali za bandia kama yake. Jaribio la dabigatrani kwa wagonjwa wa namna hiyo lilisimamishwa 2012, baada ya kuonekana wanagandwa na kuvuja damu zaidi kuliko waliomeza warfarini.

Sasa nyumbani kwake daftari huandikwa miligramu, si idadi ya vidonge: tarehe, kiasi alichomeza, INR ya mwisho. Dozi iliyosahauliwa ikikumbukwa usiku ule ule humezwa. Kukikucha huachwa, wala haimezwi maradufu kesho yake. Na kopo jipya likifika, lije na mjumbe gani, halifunguliwi kabla maandishi yake hayajasomwa kwa sauti.