Pale Kitabu Kilipotuachia Nafasi

Kazi yangu imekuwa kusimama nyuma ya mdakaji wa softboli, kinyago usoni na kihesabio mkononi. Nimeifanya Marekani, nchi ambayo mchezo huu ulizaliwa, mjini Chicago mwaka 1887. Nimechezesha ligi za watoto, mechi za shule za sekondari na mashindano ya watu wazima wanaocheza jioni baada ya kutoka kazini. Katika miaka yote hiyo, kilichonishughulisha zaidi ya jua na kelele za wazazi ni mabishano ya sisi waamuzi wenyewe kwa wenyewe. Watazamaji hudhani tunabishana juu ya tulichokiona, kama mguu ulifika kabla ya mpira au baada. Hayo huisha upesi, kwa sababu mwamuzi aliyekuwa karibu ndiye mwenye kauli, na kanuni hazimruhusu mwenzake kuitengua. Mabishano yanayotukesha ni juu ya kanuni itumikeje pale ambapo watu wote wameona kitu kimoja. Na dai langu ni kwamba mengi ya mabishano hayo huharibika kwa kuwa tunaruka swali la kwanza: je, katika tukio hili kitabu cha kanuni kimetuachia nafasi ya kupima, au chenyewe kimeshaamua? Wapo waamuzi wanaoingiza huruma mahali ambapo kitabu kimefunga mlango, na hao hao hung'ang'ania maandishi mahali ambapo kitabu kimewataka wafikiri.

Mfano mkubwa wa mlango uliofungwa ulitokea Golden Park, mjini Columbus, jimbo la Georgia, katika Michezo ya Olimpiki ya 1996, ya kwanza kuwa na softboli. Marekani walikuwa wakicheza na Australia, na hakuna timu iliyokuwa imepata mkimbio, yaani alama. Katika ngwe ya tano Dani Tyler wa Marekani aliupiga mpira ukavuka uzio. Akazunguka besi zote, akafika nyumbani penye wenzake waliomsubiri kwa shangwe, na katika zile pongezi mguu wake haukuigusa besi ya nyumbani. Waaustralia waliliona hilo, wakadai, na mwamuzi akamtoa. Mechi ikaenda hadi ngwe ya kumi, na hapo Joanne Brown wa Australia akaupiga mrusho wa Lisa Fernandez, mrushaji wa Marekani, mpira ukavuka uzio na kuleta mikimbio miwili. Australia wakashinda 2 kwa 1. Waamuzi wanaopenda kusoma kanuni kwa kutazama kusudi lake wana hoja nzito hapa, nami siidharau. Wanasema Tyler hakupata faida yoyote kwa kuikosa besi ile. Mpira ulikuwa umeshatoka uwanjani, hakuna mlinzi ambaye angeweza kumtoa, na hakufupisha njia wala hakumdanganya mtu. Kama kanuni zipo ili kuzuia hila, hila ilikuwa wapi?

Jibu langu ni kwamba mpira kuvuka uzio humpa mkimbiaji haki ya kuzunguka bila kutolewa njiani, lakini haumpi mkimbio wenyewe. Mkimbio katika softboli hupatikana kwa njia moja tu, nayo ni kuzigusa besi zote nne kwa mpangilio. Kugusa ni jambo la ndiyo au hapana. Kitabu hakikuandika kwamba mkimbiaji aguse besi ikiwa kufanya hivyo kuna maana, wala hakikumpa mwamuzi mizani ya kupima ukubwa wa kosa. Tena tazama jinsi kanuni ilivyojiwekea ulinzi wake: mwamuzi anayeona besi imerukwa hasemi neno. Anakaa kimya, uso haubadiliki, mpaka timu iliyo uwanjani idai kabla ya mrusho unaofuata. Wasipodai, mkimbio unahesabiwa. Maana yake ni kwamba kitabu kimekwisha kufikiria huruma na kuipa mahali pake. Kimeiweka katika uzembe au umakini wa wapinzani, na mwamuzi hakuachiwa sehemu yoyote ya huruma hiyo. Mwamuzi ambaye angempa Tyler mkimbio ule kwa kuwa hakupata faida angekuwa amewanyang'anya Waaustralia kitu walichokistahili kwa kuwa macho.

Siku chache baadaye, kwenye uwanja huo huo, ulikuja mfano wa upande wa pili. Katika fainali dhidi ya China, Dot Richardson wa Marekani alipiga mpira mrefu uliopita karibu kabisa na mstari wa kulia na kuvuka uzio. Mwamuzi akasema umepita ndani. Makocha wa China wakashikilia kwamba umepita nje, mchezo ukasimama kwa muda, na kauli ikabaki ilivyokuwa. Marekani wakashinda 3 kwa 1. Kwa kocha aliyeumia, matukio haya mawili ni kitu kimoja: mwamuzi amenidhulumu mkimbio. Kwa mwamuzi yanatofautiana sana. Pingamizi rasmi juu ya kauli ya mwamuzi katika softboli husikilizwa pale tu anapodaiwa kuitumia kanuni vibaya. Juu ya alichokiona au alichokipima, kitabu hakiruhusu pingamizi. Huo ni mgawanyo ule ule ninaoutetea. Umo ndani ya kitabu, na bado tukikaa kujadiliana tunausahau.

Pale ambapo mgawanyo huo unapita katikati ya kanuni moja ndipo mabishano yanapokuwa makali, na hakuna kanuni inayoonyesha hilo kama ile ya kumzuia mkimbiaji njia. Mlinzi asiye na mpira mkononi, na ambaye hayuko katika kuudaka mpira uliopigwa, haruhusiwi kumkwaza mkimbiaji. Si lazima wagongane. Mkimbiaji akipunguza mwendo au akikunja njia kwa sababu ya mlinzi, inatosha. Mwamuzi anaponyoosha mkono wa kushoto ubavuni, ngumi imefumbwa, anatangaza kwamba amekwisha kuona ila anauacha mchezo uendelee. Wapenzi wa soka wanaifahamu roho ya jambo hili katika faida anayoitoa refa. Sasa chukua mkimbiaji anayekwenda besi ya tatu, mlinzi amesimama njiani mikono mitupu, mkimbiaji anayumba, kisha mpira unafika na anaguswa hatua nyingi kabla ya besi. Kocha wa walinzi anakuja mbio: hata asingezuiwa angetolewa, mpira ulimtangulia mno! Na waamuzi wengi, hasa wazoefu, humkubalia moyoni.

Hoja ya kocha huyo inachanganya vitu viwili. Mkimbiaji aliyezuiwa kati ya besi ya pili na ya tatu hawezi kutolewa kati ya besi hizo mbili, isipokuwa kwa makosa machache ambayo kanuni imeyataja, kama vile yeye mwenyewe kuwaingilia walinzi au kumpita mwenzake aliye mbele. Hapo hakuna kupima. Iwe mpira ulimtangulia kwa hatua moja au kumi, hatoki. Kupima kunaanza baada ya hapo: apewe besi ipi? Hilo kitabu kimemwachia mwamuzi, ambaye anatakiwa aseme mkimbiaji angefika wapi kama njia ingekuwa wazi, mbele au nyuma. Kwa hiyo hoja ya kocha kwamba mpira ulitangulia si ya kutupwa, ila imepelekwa mlango usio wake. Haiwezi kumtoa mkimbiaji, lakini inaweza kumrudisha besi ya pili. Nimeona, katika vikao vya waamuzi, watu wanaoheshimiana wakikasirikiana juu ya tukio hili kwa muda mrefu, ilhali mmoja anazungumzia nusu ya kwanza ya kanuni na mwingine nusu ya pili, na kila mmoja yuko sahihi katika nusu yake. Zamani vitabu vya Marekani viliongeza ugumu kwa kumsamehe mlinzi aliyekuwa karibu kuupokea mpira, na maana ya karibu ikawa kila mwamuzi na kipimo chake. Mwanzoni mwa karne hii maneno hayo yakaanza kuondolewa: una mpira au huna. Naliona badiliko hilo kuwa miongoni mwa mema ya zama zangu. Lilipunguza nafasi ya kupima mahali ambapo kupima hakukuleta haki, na likawaokoa wasichana wengi na magoti ya wadakaji.

Pingamizi kubwa dhidi ya msimamo wangu linatoka kwa wale wanaosema nafasi yoyote anayoachiwa mwamuzi ni mlango wa upendeleo. Kwa nini timu ya mji huu ipimiwe kwa jicho moja na ile kwa jingine? Funga milango yote, wanasema. Naiheshimu hofu hiyo kwa sababu upendeleo upo, na anayeukana hajawahi kuchezesha mechi ya mahasimu wa mji mmoja. Lakini mlango hauzibwi kwa kutangaza kwamba haupo. Hakuna anayeweza kuandika kwa futi na sekunde mkimbiaji angefika wapi kama asingezuiwa. Inategemea miguu yake, mkono wa mlinzi, ulaini wa udongo. Mwamuzi anayedai kwamba yeye anafuata maandishi tu mahali ambapo maandishi yamemtaka apime, bado amepima, ila amekificha kipimo chake asiulizwe. Kinachopunguza upendeleo ni waamuzi kuvitoa vipimo vyao mezani na kuvilinganisha, ndiyo maana nayapenda mabishano yetu na nataka yaendeshwe vizuri.

Swali ambalo sijawahi kuliona likiisha kwa utulivu ni la mpira wa juu wa ndani. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kukiwa na auti pungufu ya mbili, na wakimbiaji wapo besi ya kwanza na ya pili au besi zote tatu zimejaa, mpira wa juu ulio ndani ya mistari ambao mlinzi wa ndani anaweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida humtoa mpigaji papo hapo, udakwe usidakwe. Bila hivyo, mlinzi angeuacha uanguke makusudi, kisha awatoe wawili waliokuwa wamezishikilia besi zao wakingoja. Besiboli iliziba hila hiyo tangu miaka ya 1890, na softboli ikairithi dawa yake. Sasa mpira unapanda juu, mwamuzi hatamki kitu, unaanguka miguuni mwa mlinzi, wakimbiaji wanadhani wamelazimika kukimbia, na wawili wanatolewa. Kundi moja la waamuzi linasema kanuni inajitekeleza yenyewe, kwamba masharti yametimia na wachezaji wanapaswa kujua. Kundi jingine linasema pasipotamkwa hapana kanuni, auti zote zibaki.

Kundi la kwanza linakosea kuyachukulia masharti yote kama kugusa besi. Idadi ya auti na mahali pa wakimbiaji, naam, hayo ni ya ndiyo au hapana na kila mchezaji anaweza kuyahesabu. Juhudi ya kawaida haihesabiki. Ni kipimo cha mwamuzi, na mkimbiaji wa miaka kumi na miwili hawezi kukisoma kichwani mwa mtu aliyenyamaza. Kundi la pili linamtoza mkimbiaji deni la mwamuzi, na kuirudisha uwanjani hila ile ile ambayo kanuni iliandikwa kuifukuza. Vitabu vya softboli vya Marekani vina kifungu kinachomruhusu mwamuzi kurekebisha hali pale kauli yake iliyochelewa au iliyobadilishwa imemponza mkimbiaji, mpigaji au walinzi, maadamu mrusho mwingine haujafanyika. Hiyo ndiyo nafasi tuliyoachiwa. Waamuzi wakutane, waulizane kuhusu ule mpira, na wakikubaliana kwamba ulidakika, mpigaji atoke na wakimbiaji walioponzwa na ukimya warudi kwenye besi zao. Lakini mwamuzi akiwa ametamka kwa sauti, na mkimbiaji akakimbia kwa hofu tu, auti yake ni halali. Kitabu kimesema anakwenda kwa hatari yake mwenyewe, na hapo sina la kuongeza.

Wanaonipinga katika hili huuliza: utapimaje juhudi ya kawaida baada ya kuuona mpira ukianguka? Jicho limekwisha kuharibika. Ni swali zuri, na jibu lake limo katika namna tunavyofundishwa kuitamka kauli hiyo. Mwamuzi hatazami mpira unapoanguka. Anasubiri ufike kileleni mwa njia yake, kisha anamtazama mlinzi: je, ametulia chini yake, mabega yameelekea uwanjani, au bado anakimbia kinyumenyume akiwa amegeuza shingo? Picha hiyo waamuzi wawili wanaweza kuikumbuka na kuilinganisha hata mpira ukiwa umeshatua. Wasipoikumbuka, au wakitofautiana, basi hawana msingi wa kurekebisha na auti zibaki.

Na video? Mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani sasa huruhusu baadhi ya maamuzi yarejewe kwenye picha, nami nafurahia, maana mguu na mstari ni mambo ya kuonekana. Ila kamera itamwonyesha mlinzi akiwa chini ya mpira mara mia, na bado mtu ndiye atakayesema kama juhudi ile ilikuwa ya kawaida. Tena viwanja vingi havina kamera. Vina waamuzi wawili, mara nyingine mmoja, na mwamuzi huyo huyo wiki hii huchezesha kwa kitabu cha shule za sekondari na wiki ijayo kwa kitabu cha shirikisho la USA Softball, ambavyo havifanani katika kila kifungu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kila mechi nimekuwa nikimwomba mwenzangu tukubaliane mambo mawili tukiwa bado kando ya magari: leo tunatumia kitabu kipi, na mpira wa juu ukifika kileleni, nani atatamka kwanza.