Siku za Kungojea Tisa Desemba

Vyuoni hufundishwa namna ya kuandaa somo, namna ya kulianza na namna ya kulifunga. Hatukufundishwa, wala hatukukumbuka kuuliza, mwalimu afanye nini na zile wiki tatu ambazo akili ya darasa zima imekwisha kuhamia mahali pengine. Wiki hizo huja kabla ya sikukuu ya taifa, na mwalimu aliye mgeni wa kazi hudhani kwamba zimepotea. Sisi tulidhani hivyo mwaka 1986, tulipokuwa walimu wawili wapya katika shule moja ya msingi upande wa Mwandiga, mkoani Kigoma, wakati taifa likijiandaa kutimiza miaka 25 ya Uhuru.

Mwandiga si mjini, lakini ipo njiani. Barabara itokayo Kigoma hufika hapo kisha hugawanyika, moja ikielekea Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, nyingine ikielekea Kasulu. Kwa hiyo habari za mjini hazikawii kufika. Novemba ile, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, kila aliyetoka Kigoma alikuja na lake: mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa, chini ya miembe ya barabara ya Lumumba panafagiliwa asubuhi na jioni, mafundi cherehani wa Ujiji hawapokei tena kazi mpya. Watoto walizichukua habari hizo sokoni, walikotumwa kuuza mawese, wakazileta darasani kila mmoja na nyongeza yake. Tulipoandika ubaoni hesabu za kutoa, walitutazama kwa adabu, lakini hawakuwapo.

Siku moja msichana wa darasa la tatu akanyosha mkono katikati ya somo. "Mwalimu, Uhuru atakuja kwa treni au kwa Liemba?"

Darasa halikucheka. Walikuwa wakingoja jibu. Tuliyesikia kichekesho ni sisi, tena kwa muda mfupi, maana tulitambua upesi kosa lilikoanzia. Kwa siku kadhaa tulikuwa tumewaambia, "Uhuru unakuja, jiandaeni," na mtoto wa Kigoma anajua kwamba mgeni yeyote mkubwa huja kwa reli kutoka Tabora au kwa meli. Yule msichana hakukosea sarufi alipotumia ngeli ya mtu. Alikuwa amefuata mantiki ya maneno yetu mpaka mwisho.

Basi tukaliacha somo la Hesabu, tukafungua ramani. Jambo tulilodhani rahisi likawa gumu. Tuliwaeleza kwamba tarehe 9 Desemba 1961 nchi iliyopata uhuru iliitwa Tanganyika. Kwamba mwaka mmoja baadaye, siku ileile, ikawa jamhuri. Na kwamba tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Zanzibar. Mvulana mmoja akauliza kama ziwa nalo lilipata uhuru siku hiyo. Kwa mtoto wa mwambao ule Tanganyika ni maji: ni dagaa, migebuka, na taa za wavuvi usiku usio na mwezi. Hakuwa amepata kusikia kwamba Waingereza ndio walioipa nchi jina la ziwa mwaka 1920. Tulimwonyesha kwamba ziwa hilo moja linagusa nchi nne, na kila nchi ina siku yake: Zaire, iitwayo sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 30 Juni 1960, Tanganyika 9 Desemba 1961, Burundi 1 Julai 1962, Zambia 24 Oktoba 1964. Wengi wao walikuwa na shangazi au mjomba ng'ambo ya maji. Walikwenda nyumbani kuuliza siku za ndugu zao, na kesho yake hatukuweza kuwanyamazisha.

Mmoja akamleta babu yake shuleni bila kutuuliza. Tulimwamkia mzee, tukampa kiti, tukamwomba awaambie watoto anachokumbuka. Alisema kwamba amekwisha ona bendera tano zikipandishwa Kigoma: ya Mdachi, ya Mbeligiji, ya Mwingereza, ya Tanganyika, na hii ya sasa. Wabeligiji sisi wenyewe tulikuwa tumewasahau. Majeshi yao yaliingia Kigoma mwaka 1916, na utawala wao ukadumu hapo hadi 1921. Mtihani wa chuo ulipita bila sisi kuulizwa jambo hilo, na mzee asiyejua kusoma akatufundisha mbele ya wanafunzi wetu. Hatukuona aibu, au tuseme tuliona kidogo.

Lakini hatukuliona jambo kubwa zaidi lililokuwa likitendeka katika darasa letu wenyewe, na hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Jumatatu tarehe 17 Novemba tulikuwa tumeweka juu ya meza mkebe wenye kokwa 22 za chikichi, yaani siku zilizobaki. Zana hiyo haikugharimu hata senti. Chini ya kila mchikichi kokwa zimejaa. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja alitoa kokwa moja, wenzake wakahesabu zilizobaki. Jumatatu iliyofuata kulizuka mabishano mazuri sana: je, Jumamosi na Jumapili, wakati shule imefungwa, siku zinapita au hazipiti? Wakakubaliana kwamba zinapita, kwa hiyo zitolewe kokwa tatu. Mwalimu angeweza kulisema hilo kwa sentensi moja, lakini wao walitumia nusu saa, na nusu saa hiyo hatuijutii.

Mchana ulikuwa wa halaiki. Shule yetu ilitakiwa kupeleka wanafunzi uwanjani mjini, na sisi, kwa kuwa vijana, tukapewa kuwachagua na kuwafundisha. Tuliagizwa wawe na sare kamili na safi. Mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa hodari kuliko wengi kwa kutupa mguu na kugeuka, lakini shati lake lilikuwa na madoa ya mawese kifuani na mikononi. Nyumbani kwao walikamua mawese. Ajuaye mafuta hayo anajua kwamba doa lake halitoki, hata kwa ile sabuni ya kienyeji inayopikwa kwa mafuta yayo hayo. Tulimwambia alete shati jingine. Alikaa kimya. Siku ya tatu tukamtoa mstarini, tukampa kazi ya kulinda madaftari ya wenzake chini ya mwembe. Tuliona tumemfanyia wema kumpa kazi.

Jumatatu tarehe 1 Desemba mkebe ulipaswa kuwa na kokwa 11, kisha baada ya kutoa tatu zibaki 8. Tulikuta 8, na baada ya kutoa tatu zikabaki 5. Darasa likagawanyika. Upande mmoja ulisema kwamba kalenda ya ukutani ndiyo sahihi, sikukuu ni Jumanne ijayo. Upande wa pili ulishikilia kwamba mkebe haudanganyi, sikukuu imesogezwa, ni Jumamosi hii. Hapa palikuwa na somo zuri kuliko yote ya muhula ule: watu hujuaje kwamba hesabu imeharibika, na huamini nini vitu viwili vinapopingana? Sisi hatukulifundisha. Tuliona wizi, tukawapigisha magoti wanafunzi wote mpaka mwizi ajitaje.

Alisimama yule mlinzi wa madaftari. Alizitoa kokwa tatu mfukoni, akaziweka mezani moja moja.

Tulimwambia, kwa sauti ambayo hata leo tungependa kuisahau, kwamba tunajua ana hamu ya sikukuu, lakini siku haziharakishwi kwa kuiba kokwa.

"Sina hamu, Mwalimu," akasema. "Nilitaka ipite."

Wanafunzi wenzetu wa ualimu, tuliwaruhusu watoto wainuke, na hatukujua la kuongeza. Jioni ile tulikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba arudishwe mstarini na shati lake lilivyo. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mkali. Alituuliza tu kwa nini hatukusema mapema, kwa sababu orodha ya majina ilikuwa imekwisha pelekwa mjini na mistari imekwisha pangwa kwa idadi. Tulitafuta shati la kuazima, ingawa halikuwa na faida tena, na hilo nalo hatukulipata. Miaka ile nguo ilikuwa tabu. Siku ya sherehe tuliondoka alfajiri kwa miguu na watoto wetu, mvua ikinyunya. Yeye hakuja kutuona tukiondoka, na hatukutazamia aje. Halaiki ilipendeza. Watu walituambia hivyo.

Imepita miaka mingi tangu hapo, na desturi ya sikukuu yenyewe imebadilika mara kadhaa. Mwaka 2015 Serikali ya Rais Magufuli iliahirisha gwaride la Uhuru, ikaagiza siku hiyo wananchi wafanye usafi. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza fedha za sherehe zikajenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Tuliyafurahia maagizo hayo, kila moja kwa sababu zake, lakini mawazo yetu yalikwenda kwa walimu ambao pengine walikuwa wamekwisha wapanga watoto mistarini. Mwenye ramani, babu, na mkebe wa kokwa hakupoteza kitu gwaride lilipoahirishwa. Aliyekuwa na mistari peke yake alibaki mikono mitupu, na watoto wakimtazama. Kwa maoni yetu andalio la wiki hizi lisitegemee uwanja hata kidogo, ingawa tunajua wapo walimu wakuu watakaolikataa wazo hili, nao wana sababu: mtoto aliyetembea mpaka mjini na kupigiwa makofi na umati hasahau.

Wala hatusemi kwamba halaiki ni mbaya. Tunasema tulikuwa na watoto arobaini na watano wanaongoja, tukajua vizuri namna arobaini na wanne walivyongoja.

Shule zilipofunguliwa Januari 1987, mkebe ulikuwa bado juu ya kabati, umejaa vumbi. Tarehe 5 Februari Chama kingetimiza miaka kumi na Azimio la Arusha miaka ishirini, na tulijua kwamba tutatakiwa tena uwanjani. Yule mvulana alikuja asubuhi ya Jumanne tarehe 13 kabla ya kengele, amevaa shati lilelile, madoa yamefifia kidogo kwa kufuliwa sana. Tulimwambia atuhesabie kokwa za kutosha mpaka tarehe tano. Akasimama mbele ya kalenda, akaigusa kwa kidole mraba mmoja mmoja, midomo ikicheza. Alitoka nje, akarudi na kokwa mikononi.

Kabla ya kuzitia mkebeni akauliza kama safari hii yumo.

Tukamjibu kwamba yumo. Akazitia, akizihesabu kwa sauti. Zilikuwa 23, nayo ilikuwa sahihi.