Mabega ya Baba

Kila Jumapili kabla hatujatoka kwenda kanisani, mama alimpangusa baba mabega. Hakusema kitu. Alipitisha kiganja kushoto, kisha kulia, na mba ikadondoka kutoka kwenye koti jeusi. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa kuoga asubuhi na jioni. Alijaribu ndimu, akajaribu kunyoa kipara. Wapi! Mimi nilitembea hatua kadhaa nyuma yake, nikiona aibu.

Nilipoanza kazi ya uandishi wa habari, mba ikahamia kwangu. Nikaacha kuvaa nguo nyeusi, nikanunua Head & Shoulders. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kuichimba.

Watafiti wa Procter & Gamble, kampuni ya Cincinnati, Marekani, walianza kutafuta dawa ya mba mwaka 1950. Shampuu ikaingia sokoni 1961. Silaha yake ilikuwa zinki pirithioni, inayopunguza fangasi waitwao Malassezia, jina linalotokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyewachunguza karne ya 19. Fangasi hawa wanaishi kwenye vichwa vya karibu watu wazima wote. Wanakula mafuta ya ngozi, na mabaki yao huwasha baadhi yetu tu. Ngozi ikabanduka haraka. Si uchafu.

Hapo nikaweka simu chini.

Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zinki pirithioni kwenye vipodozi, na chupa za huko zikabadilishiwa dawa. Jina halikuguswa. Ukilifikiria, jina ndilo bidhaa yenyewe: kichwa na mabega. Ugonjwa uko kichwani, ila kinachotutoa pesa mfukoni ni mabega, pale macho ya watu yanapotua. Nami nilikuwa mmoja wa watu hao.

Shampuu inanisaidia, sikatai. Lakini nikiiacha wiki kadhaa, mba inarudi. Mama alilijua hilo zamani. Ndiyo maana kila Jumapili alipangusa upya, bila kununa.

Juzi nikampigia, nikamweleza habari za fangasi, kwamba baba hakuwa mchafu. Akanyamaza kidogo.

"Kwani mwanangu, nani alikwambia alikuwa mchafu?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Sikulipata.