Vipete vya Ufito wa Kuvulia

Bwana Mhariri ameniomba niandike kitu kisichohusu mitihani. Nimeona niandike juu ya vipete, yaani zile pete ndogo mno zinazofungwa katika ufito wa kuvulia samaki, kwa kuwa wanafunzi walioniona muhula huu nikiingia maabara na fito mbili ndefu begani wameuliza sana, na wengine wamejijibu wenyewe. Yuko mmoja aliyewaambia wenziwe kuwa ni fimbo mpya za mwalimu. Sivyo.

Wengi wetu huku pwani twavua kwa mshipi wa mkono. Mshipi, chubwi, ndoana na chambo, basi. Ufito wenye rili twauona zaidi Watamu na Malindi, mikononi mwa wageni wajao kuvua kwa mchezo, na mikononi mwa mabaharia wanaowachukua. Kwa hiyo yafaa nieleze kwanza ulivyo. Kutoka kwenye rili hadi nchani pamefungwa pete, moja baada ya moja, na mshipi wapita ndani yake. Pete hizo zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuuongoza mshipi unapotupwa. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kuufanya mshipi uufuate ufito unapopinda, ili nguvu za samaki zigawanyike katika ufito mzima. Ufito usio na pete za kutosha hubeba mzigo mahali pamoja, na hapo ndipo uvunjikapo.

Zamani huko Ulaya mshipi ulifungwa nchani tu, wala hapakuwa na pete. Baadaye zikaja pete za waya, tena zikaja pete zilizotiwa akiki ndani, lile jiwe la vito tulijualo. Akiki ni ngumu na laini, mshipi huteleza vizuri, lakini ukiangusha ufito jiwe hupasuka, na ufa mdogo tu watosha kuukata mshipi. Siku hizi ndani ya pete hutiwa vitu vigumu vilivyochomwa viwandani kama vigae. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Fuji ya Japani ilileta pete za silikoni kabaidi, ambazo ni ngumu mno, na kwa ugumu huo zaweza kutengenezwa nyembamba na nyepesi.

Hata hivyo kwa miaka mingi pete za upande wa nchani ziliendelea kuwa na upana wa milimita 6, 7, au 8. Hakuna aliyeuliza sababu. Viwanda vilizitengeneza hivyo, wavuvi wakazinunua hivyo.

Waliouliza ni watu wa Marekani wanaojitengenezea fito nyumbani. Jamii hiyo ni ya ajabu kidogo, nami nawapenda bila kuwajua. Mtu hununua ufito mtupu wa kaboni, kisha jioni akitoka kazini hukaa na kuufunga mpini, mahali pa rili, na pete, kwa uzi mwembamba wa rangi, mzunguko kwa mzunguko, halafu huupaka gundi ngumu ing'aayo. Wengine hufanya kwa kuuza, wengi kwa kupenda tu. Watu kama hao hawana bwana wa kuwaambia kuwa jambo fulani halifanywi. Waliona kuwa mshipi wenyewe haufiki hata nusu milimita kwa unene, tena tangu miaka ya 1990 kulikuwa na mishipi ya kusukwa ambayo kwa nguvu ile ile ni myembamba kuliko nailoni. Ya nini basi kuupa mlango mpana hivyo? Baadhi yao wakachukua vijipete vilivyokusudiwa fito nyepesi za kuvulia kwa inzi wa bandia, wakavifunga katika fito za kurushia chambo. Kuelekea mwaka 2010 jambo hilo lilikuwa limeenea, na viwanda vikubwa vikaanza kulifuata. Wengi huviita vipete kuanzia milimita 4 kushuka chini. Namba hiyo, wanafunzi wangatie akilini, ni upana wa duara la nje la ile pete ngumu. Tundu lenyewe ni dogo zaidi.

Sasa faida. Watu hudhani faida ni kurusha mbali. Mimi sioni kuwa tofauti ya umbali ni kubwa. Faida iko katika uzito, nayo ni hesabu ya Kidato cha Pili. Chukua pete ya gramu moja uifunge nusu mita kutoka mkononi, kisha uichukue pete ile ile uifunge mita 2 kutoka mkononi. Ukiushika ufito sawasawa bila kuutikisa, pete ya pili yaelemea mkono mara 4 kuliko ya kwanza. Lakini ukiutikisa ufito, ubishi wake ni mara 16, maana hapo umbali huzidishwa kwa umbali. Kwa hiyo gramu iliyo karibu na mkono si kitu, na gramu iliyo nchani ni mzigo. Kipete kina mguu mmoja mdogo badala ya miwili, chahitaji uzi kidogo na gundi kidogo, na vyote hivyo vyapungua mahali pale pale panapoumiza.

Katika maabara tulichukua fito mbili za namna moja, mmoja una pete za kawaida na wa pili una vipete. Tuliubana mpini ukingoni mwa meza, tukaivuta ncha chini, tukaiachia. Tulipiga picha kwa simu na kuitazama polepole. Ufito wa vipete ulitikisika haraka zaidi na ulitulia mapema. Ule mwingine uliendelea kuyumba kama mlevi atafutaye mlango. Kisha tukafunga chubwi nchani ili fito zipinde. Hapo wanafunzi wawili waliona jambo ambalo sikuwa nimewaambia: baina ya kipete na kipete mshipi ulikata kona, ukagusa mwili wa ufito. Vipete viko chini, karibu na ufito, basi lazima viwe vingi na vikaribiane. Sehemu ya uzito uliouokoa huna budi kuurudisha. Huo ndio ukweli, na wauzaji hawautaji kwa sauti kubwa.

Fito zile mbili zilikuwa za ndugu yangu mdogo. Yeye alikuwa baharia katika mashua ya wageni mpaka mgongo ulipomshinda, na sasa miaka miwili hula kwa kutengeneza fito zilizovunjika. Ana banda la mabati, meza, na mota ndogo aliyoitoa katika jiko bovu la mikrowevu, ile ya kuzungusha sahani, ambayo huuzungusha ufito polepole usiku kucha ili gundi isichuruzike upande mmoja. Vipete kabla ya kufungwa hushikwa na vipande vya mpira wa valvu ya baiskeli. Kila mguu wa kipete huunoa kwanza kwa msasa mpaka uwe kama ukucha, la sivyo uzi haupandi vizuri. Nimemtazama akifanya kazi hiyo na nasema wazi kuwa mimi singeiweza.

Mwaka huu mwenye mashua mmoja alimwagiza fito nne za kuvulia kwenye kina, za kushusha chuma na kukipandisha kwa mikupuo, naye akataka ziwe na vipete, kama alivyoona kwa mgeni wake. Kwa ndugu yangu kazi ya fito nne ni karo ya mtoto ya muhula mzima. Lakini atakayezitumia si mwenye mashua, ni nahodha, na nahodha ni mzee aliyevua kabla sisi hatujazaliwa. Alikuja bandani akaviangalia, akakitia ncha ya kidole kimoja karibu na jicho.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe wajua hesabu. Mimi namjua kolekole. Hili ni tundu la sindano. Kolekole si uzi."

Nilimjibu kwa adabu kwamba samaki hapiti ndani ya pete, ni mshipi upitao. Alicheka. Akasema, "Na fundo?"

Ndugu yangu akanyamaza, maana fundo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Mshipi wa kusukwa haufungwi moja kwa moja kwenye ndoana. Mbele yake huunganishwa kipande cha nailoni nene kinachostahimili miamba na meno. Fundo la kuunganisha hupita ndani ya pete kila samaki anapokaribia mashua, na hupita tena akikimbia. Likikwama wakati samaki akienda kwa nguvu, mshipi hukatika au kipete hung'oka. Basi jioni ile ile, mbele ya mzee, ndugu yangu alifunga fundo kwa nailoni wanayoitumia wao, akalivuta katika vipete vya kila namba alivyokuwa navyo. Katika namba 3 lilikataa kabisa. Katika namba 4 lilipita likikwaruza, na mzee aliusikia mkwaruzo huo akainua nyusi. Katika namba 4.5 lilipita kimya. Ndugu yangu hakubishana. Aliviweka vile vidogo katika kopo, akasema fito za kina zitakuwa na namba 4.5. Wako wasemao kuwa namba hiyo si kipete halisi. Sijui ugomvi huo unamsaidia nani.

Liko na jambo la chumvi. Huko kaskazini mwa Marekani wavuvi hulalamika kuwa wakati wa baridi matone ya maji huganda kuwa barafu na kukiziba kipete. Taabu hiyo sisi hatuna. Sisi tuna kutu. Mguu mwembamba wa chuma huliwa upesi kuliko mnene, hata kikiitwa chuma kisichoshika kutu, na wenye fremu ya titani, ambayo haipati kutu, bei yake yatisha. Ndugu yangu alichukua za chuma, akamwambia mwenye mashua waziwazi kwamba zisipooshwa kwa maji baridi kila jioni hazitadumu.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumamosi ya likizo, nami nikaruhusiwa kwenda. Tulitoka alfajiri. Mashua ina zile fito kubwa za kukokotea nguru na sulisuli, zenye pete za vigurudumu, na hizo hakuna aliyefikiria kuzigusa. Kila kazi ina chombo chake. Tulipofika kwenye miamba nahodha aliuchukua ufito mmoja mpya, akashusha chuma. Hakuwa na uso wa furaha. Aliukupua mara mbili tatu. Kisha akasimama, akaweka kidole kwenye mshipi mbele ya rili, kama afanyavyo mtu wa mshipi wa mkono, akakiondoa, akakiweka tena.

"Mchanga," akasema. Baada ya kitambo akasema, "Jiwe." Mashua ilikuwa ikisukumwa na mkondo polepole, naye alikuwa akitusomea chini ya bahari kwa kiganja. Nilifahamu hapo kuwa Wamarekani wale, pamoja na vipimo vyao vyote, walikuwa wakitafuta kitu ambacho mvuvi wa mshipi wa mkono alikuwa nacho tangu zamani. Mkono wake haukutengwa na samaki na kitu chochote. Ufito uliongeza nguvu na umbali, na ukapunguza kuhisi. Kila gramu inayotoka nchani yarudisha kidogo.

Kolekole walikuja saa tatu. Wa kwanza alikata mshipi kwenye mwamba, na hilo halikuhusu pete yoyote. Wa pili alipigana muda mrefu, ufito ukapinda mpaka karibu na mpini, na mara mbili fundo lilitoka na kurudi ndani ya vipete. Ndugu yangu hakumtazama samaki hata kidogo. Alikuwa akitazama fundo. Samaki alipoingia mashuani yeye aliupokea ufito, akapitisha ukucha katika kila kipete kutafuta ufa, kimoja kimoja, na wengine wakaanza kucheka kabla hajamaliza.

Nahodha hakusifu. Akiwa njiani kurudi alisema fito mbili zifungwe hivyo, na mbili zifungwe pete za zamani, kwa sababu wageni wengine hujifungia mafundo yao wenyewe, na mafundo ya wageni huwa kama viazi. Tena alitaka pete ya mwisho kabisa, ile ya nchani, iwe kubwa hatua moja kuliko nyingine, maana ndiyo ya kwanza kupigwa na fundo likirudi. Ndugu yangu alilifikiri neno hilo mpaka tukafika ufuoni, kisha akaniuliza kama gramu ile ya ziada pale nchani itaharibu hesabu. Nikamwambia itaharibu kidogo. Akazifunga kama mzee alivyotaka, akalipwa zote nne.