Skii za Kimo cha Mwenyewe



Mama zangu na dada zangu, nyumba nyingi za hapa pwani zina mtu wake Ulaya au Kanada, na wajukuu wanakulia kwenye baridi. Huko Uswisi si ajabu mtoto kurudi nyumbani mwezi wa Januari na barua ya shule: darasa litakwenda milimani wiki nzima kujifunza skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni ili mtu ateremke mlima wa theluji kwa kuteleza. Asiseme mtu kwamba mambo hayo hayatuhusu. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya baridi ya 2018 huko Korea Kusini, ni mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria.

Msimu wa baridi uliopita nilikuwa Uswisi kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, tukafuatana kumkodia mwanawe wa miaka 11 vifaa. Mpwa wangu aliingia dukani na mazoea yetu ya nguo za Idi: chukua kubwa, mtoto ataikulia. Fundi akakataa. Kwa anayeanza, skii ikisimamishwa ifike kidevuni, ikizidi sana puani. Ndefu hutulia kwenye kasi, lakini ni nzito kugeuza, na mtoto asiyeweza kugeuka hawezi kusimama. Mabingwa ndio huchukua za kimo chao au zaidi. Tena iwe laini, ipindike chini ya mwili mwepesi. Ngumu ni ya mtu mzito aendaye mbio. Upana wa katikati uwe mdogo kwa theluji iliyoshindiliwa, kwani pana ni za theluji nyingi isiyokanyagwa. Buti nalo limbane mguu, na soksi iwe moja, nyembamba.

Uzito wa jambo ulikuwa kwenye kifungo kinachoshika buti. Fundi huuliza kilo, kimo, umri na urefu wa soli, kisha huuliza ujuzi: mtaratibu, wa wastani, au mwenye kasi? Kwa majibu hayo hukaza springi. Ikikazwa kupita kiasi, skii haitoki mtu aangukapo, na mguu hupotolewa pamoja nayo. Hapo ndipo hukatika mishipa ya goti au kuvunjika muundi. Ikilegea mno, huchomoka mtu akiwa katikati ya mteremko. (Watoto wa chini ya miaka 10, na sisi wa 50 na kuendelea, hulegezewa daraja moja. Mifupa haijui cheo.)

Nyuma yetu wazazi wengine walikuwa wamepanga foleni. Mpwa wangu akajibu, “Wa wastani.” Mtoto akamvuta koti: “Mama, mimi sijawahi hata kuzivaa.”

Kimya kidogo, kisha akasahihisha. Tulipotoka akaniambia, “Mjomba, niliona haya mbele ya watu.” Nikamwambia, “Mwanangu, fundi hakuuliza sifa za mtoto. Aliuliza skrubu aikaze vipi.”

Sikumlaumu, kwa kuwa desturi hiyo naijua. Madrasani huletewa mtoto nikaambiwa yumo juzuu ya tano. Akikalishwa na wenzake wa juzuu hiyo, aya ya kwanza tu humshinda, na machozi yakamtoka. Kwangu madhara yake ni aibu ya asubuhi moja, naye hurudishwa nyuma akaanza anapostahili. Kule mlimani gharama hulipwa na goti la mtoto, na mzazi aliyejibu yuko nyumbani.

Kijana alirudi baada ya wiki akiwa mzima. Alisema ameanguka mara asizoweza kuzihesabu, na kila alipoanguka vibaya skii zilitoka zenyewe.

Kwa walio huko: kodini kwa msimu mzima badala ya kununua, na mtoto akiongeza kimo au ujuzi, rudini dukani mapema zibadilishwe, na kifungo kipimwe upya. Binti avae chini ya helmeti hijabu nyembamba ya kuvuta, isiyo na pini.