Chakula cha Anayechelewa Kinastahili Kuwa Moto

Wasee, hebu tuongee ukweli. Kwenye nyumba nyingi hapa Kenya kuna sahani moja inayofunikwa kwa sahani nyingine na kuachwa mezani ikingoja mtu. Mara nyingi huyo mtu ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Kwetu ni mama. Anafunga kibanda saa mbili usiku, anapigania matatu, na akifika saa tatu na kitu, ugali umekuwa jiwe na mafuta yameganda juu ya mchuzi. Anakula tu, hasemi kitu. Sisi wengine tulikula kitambo, chakula kikitoa mvuke.

Najua utasema dawa ni mikrowevu. Zii. Dawa ni kujua joto linatorokea wapi, na hayo tulifundishwa kidato cha kwanza, tukakariri ya mtihani, tukayaacha darasani.

Joto hutoka sahanini kwa njia nne. Mvuke ndio mwizi mkubwa chakula kikiwa wazi. Hewa inayopita juu yake hubeba lingine. Sahani yenyewe ikiwa baridi inanyonya lake. Halafu kuna mwizi asiyeonekana, yaani miale. Kila kitu chenye joto hutoa miale ambayo jicho haliioni. William Herschel aliigundua mwaka 1800: alipasua mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, na joto likapanda mahali palipoonekana hapana kitu.

Tufanye hesabu kidogo. Sahani ya upana wa sentimita 25, chakula kikiwa nyuzi 60 na nyumba nyuzi 20, hupoteza kama wati 13 kwa miale pekee kupitia uso wake wa juu. Ni kama umeme wa balbu moja ya LED, lakini hii "balbu" inawashwa na chakula cha mama.

Miale hiyohiyo inaweza kukufanyia kazi. Angalia duka la chipsi mtaani. Zile balbu za manjano ndani ya sanduku la kioo hazijawekwa kwa urembo. Balbu ya aina ya zamani hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na miale yake inazipiga chipsi moja kwa moja. Mwenye duka akibadilisha aweke LED ili aokoe stima, chipsi zitaonekana poa sana lakini zitapoa kweli. Na ile thamosi ya chai? James Dewar aliibuni 1892: kuta mbili, katikati hakuna hewa, na ndani zimepakwa fedha ing'ae ili miale irudishwe ilikotoka.

Basi nyumbani fanya hivi. Suuza sahani kwa maji moto na uipanguse kabla ya kupakua. Usitandaze chakula, kirundike, na ugali uache bonge zima, usiukate. Funika kwa foili, upande wowote, kwa sababu pande zote mbili hurudisha miale karibu sawa. Bana kingo vizuri mvuke usitoke. Kisha funga yote kwa taulo nene au leso kadhaa. Foili inashughulika na miale na mvuke, kitambaa kinazuia hewa. Kama mna hotipoti, hiyo ni ya anayechelewa, si ya kupamba meza wageni wakija.

Lakini tusidanganyane: foili haiongezi joto, inachelewesha tu kupoa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae moto zaidi ya nyuzi 60, na kisiachwe kwenye joto la kawaida la nyumba zaidi ya saa mbili. Mtu akichelewa sana, kipashe moto hadi kitoe mvuke. Ni afadhali kuchoma gesi kidogo kuliko tumbo kuuma.

Watu hupenda kusema wanathamini wazazi wao, hasa ile siku ya kupost picha za mama. Sawa. Lakini heshima pia ni mtu kufika amechoka, kufunua sahani, na kukuta mvuke unampanda usoni.

Kwenu, sahani ya mwisho ni ya nani? Na leo ataikuta ikiwa nyuzi ngapi?