Vyeti Vilivyosalia Sandukuni

Mwalimu mmoja wa Kibajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, alisoma Kiingereza mjini Kismayo kabla ya 1972, mwaka ambao Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa hati za Kirumi na kufanywa lugha ya serikali. Serikali hiyo ilipoanguka Januari 1991 na vita kuifikia pwani, mkewe alifungasha unga, tende na nguo za watoto. Jahazi likashika njia ya kusini kwa upepo wa kaskazi. Vyeti vya mwalimu vikasalia sandukuni.

Katika kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa alitakiwa mwalimu wa Kiingereza, kwa kuwa shule za Kenya huitumia lugha hiyo katika masomo mengi. Akaulizwa cheti, hakuwa nacho. Akaomba chaki. Aliandika sentensi kumi ubaoni, akazifafanua kwa Kiswahili, na watoto wakazikariri. Akakubaliwa, ila kwa posho ya mkimbizi, si kwa mshahara wa mwalimu.

Mkewe alijilaumu kwa muda mrefu. Mume alimjibu kwamba unga ule ndio uliowafikisha watoto salama. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila hati ya nyumba yao ilitiwa katika mfuko usiopenya maji, ukatundikwa karibu na mlango.

Elimu ya kichwani haizami baharini; lakini mbele ya meza ya mwajiri ugenini, karatasi ndiyo hutangulia kusema. Familia isiyoijua siku ya uhamisho huviweka vyote viwili tayari.